Endotoksini: Sumu ya Bakteria Ifichuayo Siri za Kinga ya Mwili

Mtu anaposhikwa na homa kali na kutetemeka kwa sababu ya vijidudu vilivyoingia katika damu yake, ni rahisi kudhani kwamba vijidudu hivyo ndivyo vinavyomdhuru moja kwa moja. Utafiti wa zaidi ya miaka mia moja umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya madhara hayo huletwa na mwili wenyewe unapojitetea. Jambo hilo limebainika hasa kwa kuichunguza sumu moja ya bakteria iitwayo endotoksini.

Asili ya jina

Mnamo mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi pamoja na Robert Koch mjini Berlin, aliwadunga simbilisi bakteria wa kipindupindu waliokwisha kuuawa. Wanyama hao walikufa, ingawa bakteria hawakuwa hai tena. Pfeiffer alikata shauri kwamba sumu hiyo ilikuwa sehemu ya mwili wa bakteria, na kwamba joto halikuiharibu. Kwa hiyo akaiita endotoksini, yaani sumu ya ndani.

Leo inajulikana kuwa sumu hiyo haimo ndani hasa, bali katika utando wa nje wa bakteria wa kundi la Gram-hasi, kama vile wale wa kipindupindu na wa homa ya matumbo. Ni mchanganyiko wa mafuta na sukari uitwao lipopolisakaridi. Katika miaka ya 1950 Otto Westphal na Otto Lüderitz wa Ujerumani waliweza kuitenga kwa fenoli na maji ya moto. Sehemu yake ya mafuta, iitwayo lipidi A, ndiyo yenye sumu. Jambo hilo lilithibitika mwaka 1985, wakati lipidi A iliyoundwa na wanakemia ilipoleta madhara yale yale.

Kwa nini hutumika maabara

Endotoksini iliyosafishwa haizaliani wala haiambukizi. Kiasi chake hupimika, na saa ya kudungwa kwake hujulikana. Kwa sababu hiyo mtaalamu anaweza kufuata hatua za mchochoto, yaani ule uvimbe, joto na maumivu vinavyoonyesha kwamba kinga imeamka, tangu mwanzo hadi mwisho wake. Watu wazima wenye afya waliojitolea, wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari, wamedungwa nanogramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito wao. Nanogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Baada ya saa moja hivi huanza kutetemeka na kuumwa kichwa, kisha homa hupanda. Katika damu, protini iitwayo TNF, inayotolewa na chembe nyeupe, hufikia kilele kwa muda wa saa moja na nusu kisha hushuka. Kwa kawaida siku ya pili mtu huwa amekwisha kupona.

Mwaka 1985 Bruce Beutler na wenzake mjini New York waliwapa panya kingamwili za kuizuia TNF kabla ya kuwadunga endotoksini. Kingamwili hizo ziliwakinga panya dhidi ya kifo. Ikawa dhahiri kwamba mjumbe wa mwili wenyewe alikuwa mmoja wa wauaji.

Panya wasiosikia kengele

Lilibaki swali moja: chembe za mwili huitambuaje endotoksini? Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba panya wa ukoo wa C3H/HeJ hawadhuriki na sumu hiyo. Mwaka 1998 Beutler na wenzake mjini Dallas walionyesha sababu yake. Jeni yao ya TLR4 ina kosa moja tu: katika protini yake, mahali pa prolini pamekaa histidini. Protini hiyo hukaa juu ya chembe za kinga kama kengele ya hatari. Kwa ugunduzi huo Beutler alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Hata hivyo panya hao hawana bahati. Wakiambukizwa salmonela walio hai, hufa upesi kuliko panya wa kawaida, kwa kuwa vijidudu huzaliana bila mwili kushtuka. Mwili unaosikia kengele kupita kiasi huangamia, na usioisikia huangamia vilevile.

Mipaka na manufaa

Hapana budi kuwa na tahadhari. Panya huvumilia endotoksini nyingi mno kuliko binadamu, na mgonjwa wa kweli ana vijidudu hai vilivyoanza kazi kabla hajafika hospitali. Dawa ya eritorani, iliyoundwa kuizuia TLR4, ilijaribiwa kwa wagonjwa mahututi wenye maambukizo makali ya damu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba haikupunguza vifo.

Manufaa yamepatikana kwa njia nyingine. Wanasayansi waliipunguza makali lipidi A ya salmonela, ikabaki na uwezo wa kuamsha kinga bila kuleta hatari ile kubwa. Kitu hicho kimo katika kiamshi cha RTS,S, chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na kwingineko barani Afrika, na ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipendekeza mwezi Oktoba 2021. Hivyo sumu iliyowaua simbilisi wa Berlin imepata kazi ya kuwalinda watoto.