Mchakato Ukifa, Nani Hurudisha Kumbukumbu?

Katika toleo hili tunaeleza jambo la kompyuta kwa Kiswahili. Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara kama lugha hii inaweza kubeba elimu hiyo. Mfano wetu ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Programu inayoendeshwa huitwa mchakato. Kiini cha mfumo endeshi huupa kila mchakato ramani yake ya kumbukumbu, iliyogawanywa katika kurasa. Katika kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Mchakato unapokwisha, hata kama umeuawa ghafla, kiini huipitia ramani hiyo na kuachilia kurasa zake.

Hata hivyo, kuna kurasa zinazotumiwa na michakato kadhaa kwa pamoja. Hizo ni kama shamba la ukoo: kufa kwa mrithi mmoja hakulifanyi shamba kuwa mali ya wageni. Kwa hiyo kiini huweka hesabu ya watumiaji, humpunguza aliyeondoka, na huachilia ukurasa hesabu ifikapo sifuri. Kabla ya mchakato mwingine kupewa ukurasa huo, yaliyokuwamo hufutwa, ili siri za marehemu zisisomwe.

Programu ya kawaida ikisahau kurudisha kumbukumbu, kiini huirudisha programu inapofungwa. Lakini kiini chenyewe kikisahau, hakuna wa kukisafishia. Kwa kawaida kumbukumbu hiyo hupotea hadi kompyuta iwashwe upya.

Baada ya usafi hubaki namba ya mchakato katika orodha, pamoja na taarifa ya jinsi ulivyokwisha, ikisubiri kuchukuliwa na mchakato mzazi. Wataalamu huuita zombi. Mwanafunzi anaweza kushawishika kutafsiri "msukule". Je, yafaa? Msukule, kwa imani za watu, hufanyishwa kazi; mchakato huu haufanyi kazi yoyote, na kumbukumbu yake imekwisha kurudishwa. Sisi tunapendekeza "mchakato usiozikwa". Mzazi akitangulia kufa, yatima hupewa mlezi, kwa kawaida mchakato namba 1, ambao hukamilisha mazishi.

Walimu wenzetu, jaribuni zoezi hili darasani: mwanafunzi aeleze kwanza kitu kinafanya nini, ndipo akitafutie jina. Istilahi iliyotangulia maelezo ndiyo inayowafanya wengi waseme Kiswahili hakitoshi.