Samaki wapya nyumbani: Maji yanayong'aa yanavyoweza kuwaua

Horohoro. Mtoto ameomba samaki wa mapambo tangu likizo ianze. Baba anakwenda Tanga mjini, kilomita zipatazo 65 kwa barabara ya lami, na jioni anarudi na tangi la kioo, kokoto za rangi na samaki watano kwenye ndoo ndogo. Tangi linajazwa maji, samaki wanaingizwa, na nyumba nzima inakusanyika kutazama.

Siku ya nne samaki wa kwanza anaelea juu. Wiki ikiisha amebaki mmoja. "Mama, mbona maji ni masafi?" mtoto anauliza.

Swali lake ni la msingi. Maji hayo kweli ni masafi kwa macho, lakini yana sumu isiyoonekana. Wazazi wengi humlaumu muuzaji au hudhani samaki walikuwa wagonjwa, kumbe tatizo ni tangi lenyewe kuwa jipya mno.

Sumu inatoka wapi?

Samaki hutoa taka muda wote kupitia kinyesi na matamvua. Taka hizo, pamoja na mabaki ya chakula, huzalisha amonia. Mtoni au ziwani maji ni mengi na kuna bakteria wanaoila. Kwenye tangi jipya bakteria hao bado hawajazaliana, hivyo amonia hujilimbikiza na kuunguza matamvua.

Bakteria wanaohitajika ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Kwa kawaida makundi hayo huhitaji wiki nne hadi sita kukomaa ndani ya kichujio na kwenye kokoto.

Pwani tahadhari iwe zaidi

Visima vingi vya ukanda wa pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji yake huwa magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu haraka, na pH yake mara nyingi iko juu ya 7. Hilo lina maana kubwa kwa samaki. Katika nyuzi joto 28, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia moja ya amonia katika hali yake ya sumu kali. pH ikifika 8, kiwango hicho hupanda hadi kati ya asilimia 6 na 7. Taka ni zilezile, lakini ukali wake umeongezeka karibu mara kumi.

Ndiyo maana makombe na vipande vya matumbawe ambavyo watoto hupenda kuokota ufukweni visiwekwe tangini. Huyeyuka polepole na kupandisha pH.

Joto nalo hupunguza hewa. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba takriban 7.5. Samaki wanaohema juu ya maji wanaonyesha kuwa hewa haitoshi au matamvua yameungua. Tangi likae kivulini, mbali na dirisha lenye jua.

Anza na maji, samaki baadaye

Jaza tangi, washa kichujio na pampu ya hewa, kisha tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku bila kuweka samaki. Chakula hicho huoza na kuwalisha bakteria. Kama kuna jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, omba kipande cha sifongo cha kichujio chake. Huharakisha kazi.

Nunua vipimo vya matone vya amonia na nitriti. Samaki waingie pale vyote viwili vinaposoma sifuri huku chakula kikiendelea kutiwa. Kwa tangi la lita 60, anza na samaki wadogo wawili au watatu.

Maji ya bomba yana klorini inayoua bakteria hao na kudhuru samaki. Yaache kwenye ndoo pana siku nzima kabla ya kuyatumia. Funika ndoo kwa kitambaa cha chandarua, kwani mbu wa homa ya dengue, ugonjwa ulioripotiwa Tanga mwaka 2019, hutaga kwenye maji safi yaliyotuama. Maji yaliyotiwa dawa ya kunywa yasimiminwe tangini.

Kila wiki badilisha robo ya maji, yaani lita 15 kwa tangi hilo. Usimwage yote, na usioshe sifongo kwa maji ya bomba. Ikamue ndani ya maji uliyotoa tangini. Lisha kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Umeme ukikatika, acha kulisha na koroga maji kwa kikombe mara kwa mara ili hewa iingie.

Usalama wa mtoto

Maji ya tangi yanaweza kuwa na vimelea vya salmonella, pamoja na bakteria wanaosababisha vidonda sugu vya ngozi. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza, na mwenye jeraha mkononi asiguse maji hayo. Usivute maji kwa mdomo kupitia mpira, wala usioshee vifaa vya tangi kwenye sinki la vyombo. Chomoa umeme kabla ya kuingiza mkono.

Kwa familia zilizo karibu na mpaka, samaki hai wanaovushwa kutoka Kenya huhitaji kibali, hata wakiwa wachache. Ulizia kwa ofisa uvuvi kwanza. Walioshindikana kufugwa wasiachiwe mtoni.

Wiki za kusubiri si lazima zimchoshe mtoto. Mpe daftari aandike matokeo ya vipimo kila baada ya siku mbili. Ataona amonia ikipanda, kisha ikishuka, nitriti ikifuata njia hiyohiyo, na siku zote mbili zitakaposoma sifuri atakuwa wa kwanza kukukumbusha ahadi ya samaki.