Taa ya Shosho Ilizimika, na Shida Haikuwa Mawingu

Mwezi wa saba kule Nyandarua jua huwa adimu. Asubuhi ni ukungu, mchana mawingu, jioni baridi ya kukusogeza karibu na jiko. Kwa hivyo shosho aliponipigia simu kusema taa za sola zimekataa kuwaka, sikushtuka. Nilimwambia, "Ni mawingu tu, shosho. Ngoja jua litoke."

Nilikosea. Nilipofika nyumbani wiki mbili baadaye, jua lilikuwa limetoka, paneli iko safi juu ya mabati, na bado hakuna taa. Nikaomba simu yake tuangalie jumbe za malipo. Zilikuwa kumi na nne, kila moja shilingi 50, zote zimeenda kwa nambari ya mtu binafsi. Kijana aliyemwuzia vifaa alikuwa amemwambia, "Shosho, kulipa kwa kampuni kuna mambo mengi. Nitumie mimi, nitakuwekea." Shilingi 700 zimeenda, na kampuni haijaona hata senti.

Sola ya lipa pole pole inafanyaje kazi?

Paneli hubadilisha mwanga wa jua kuwa umeme, betri inauhifadhi, na usiku unawasha taa, redio na kuchaji simu. Ndani ya kisanduku cha betri kuna kifungio cha kielektroniki. Ukilipa kwa nambari ya biashara ya kampuni, siku zako zinaongezwa, ama kupitia mtandao ama kwa tarakimu unazotumiwa uingize mwenyewe. Siku zikiisha, kisanduku kinajifunga.

Hapo ndipo unaweza kujua kama shida ni mawingu au malipo. Siku ya mawingu paneli bado inachaji, ila kidogo: taa itawaka muda mfupi, kisha izime. Kisanduku kilichofungwa hakiwashi kitu hata jua likiwa la utosi.

Na umeme wa upepo?

Huo wengi wetu tunautumia bila kujua. Kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Garissa nako kuna shamba la sola la megawati 50. Jua la Garissa hufanya kazi mchana, na upepo wa Turkana huvuma sana usiku, kwa hivyo vinasaidiana. Umeme wote unaingia kwa gridi moja ya taifa. Wewe unanunua tokeni kwa simu, unaingiza tarakimu 20 kwa mita, basi.

Kabla hujalipa, fanya haya manne

1. Piga hesabu yote. Shilingi 50 kwa siku inaonekana kidogo. Lakini chukua mfano: ukianza na 3,000, kisha 50 kwa siku 400, utakuwa umelipa 23,000. Kama bei ya pesa taslimu ni 16,000, hizo 7,000 za juu ni gharama ya kulipa pole pole. Si vibaya, mradi uijue mapema.

2. Lipa kwa nambari ya biashara pekee. Haijalishi wakala ni mtoto wa jirani. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Ukiona jina la mtu, acha.

3. Usifute jumbe. Huo ndio ushahidi wako siku ya malalamiko.

4. Ukikosea, piga simu mara moja. Kurudisha pesa ni rahisi zaidi kabla aliyezipokea hajazitoa.

Shosho je?

Tulipiga simu kwa kampuni, tukaripoti yule kijana, tukalipa siku saba kwa nambari inayofaa. Taa ikawaka kabla chai haijachemka. Zile 700 mpaka leo hazijarudi.

Siku hizi shosho analipa mwenyewe. Kabla ya kuthibitisha malipo, anasoma jina la kampuni kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka jirani anasikia. Jirani naye ameanza kusoma lake. Wewe pia, leo jioni, fungua jumbe zako za malipo uangalie: pesa zako za sola zinaenda kwa nani?