Mvua za Kwanza na Siku Mbili za Mapumziko

Katika nchi za Ulaya watu hungojea majira ya kuchipua, wakati theluji inapoyeyuka na maua kuchanua, ndipo jamaa hutoka majumbani kwenda kula na kucheza nje. Sisi wa West Nile hatuna theluji, lakini majira ya kuchipua tunayo. Tangu Desemba hadi Machi nchi huwa kavu, nyasi huungua, na vumbi huingia hata ndani ya makabati yaliyofungwa. Kisha, mwishoni mwa Machi au katika Aprili, mvua ya kwanza hunyesha, na baada ya siku chache vilima vya Arua na Koboko huanza kuvaa kijani. Msimu huo ndio tunaoukusudia leo katika ukurasa huu wa nyumbani, na hasa Jumamosi na Jumapili zake.

Askari wa jeshi na wa polisi wanajua kwamba mwisho wa juma si mali yao sikuzote. Kuna zamu, kuna gwaride, kuna amri ya ghafula. Kwa hiyo siku mbili za mapumziko zinapopatikana, aghalabu baba wa nyumba huzimaliza akilala, au akiwa na rafiki zake penye chungu cha kwete. Kulala si kosa, na kwete ni kinywaji cha heshima katika mkoa huu tangu zamani. Lakini mtoto aliyezaliwa katika nyumba za kambi, ambaye baba yake hajapata kumwonyesha kichuguu wala kilima, atakuwa Mlugbara au Mkakwa wa jina tu. Mambo ya msimu huu hayamo katika vitabu vya shule. Hufundishwa na mtu mzima aliyeko pale pale, tochi mkononi, na hayangoji likizo ya mwaka.

Tuanze na kumbikumbi, ambao Walugbara huwaita onya. Hao ni madume na majike ya mchwa walioota mbawa ili wakaanzishe makao mapya. Mvua ikishalowesha ardhi, hutoka kichuguuni kwa maelfu, huruka kwa muda mfupi, hudondosha mbawa, kisha hupatana wawili wawili na kuingia ardhini. Wachache mno hufaulu, kwa maana ndege, vyura, kuku na binadamu wote huwa wamekaa tayari. Aina zao ni nyingi na saa zao hazifanani: wako wanaoruka usiku wa manane, na wako wanaotoka mchana jua linaporudi baada ya manyunyu. Mzoefu hutambua siku yenyewe kwa kutazama kichuguu. Huona mchwa vibarua wamefungua matundu mapya, na mchwa askari wenye vichwa vikubwa wamepangwa milangoni kulinda. Watoto wa kambini hufurahi sana kusikia kwamba hata mchwa wana askari wa zamu.

Namna ya kuwakamata ni rahisi kuieleza, ila mikono ndiyo inayohitaji mazoezi. Kando ya matundu huchimbwa shimo dogo, na ndani yake huwekwa chungu au beseni. Juu ya matundu hujengwa kihema cha vijiti, kikafunikwa kwa majani au blanketi kuukuu, na upande wa shimo huachwa uwazi mmoja tu. Kumbikumbi hufuata mwanga, wakateleza na kuanguka shimoni. Usiku huwashwa mwenge wa nyasi au taa. Penye umeme, watu huweka beseni la maji chini ya balbu. Kwa aina nyingine, watoto hugonga vijiti juu ya ubao karibu na kichuguu, kwa mwendo wa haraka, mpaka kumbikumbi wadhani mvua inanyesha wakatoka. Kazi hiyo ya kugonga ni ya watoto kabisa, na mtu mzima asiwanyang'anye.

Jambo moja yafaa lijulikane na jamaa za askari waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Kichuguu kina mwenyewe. Hata kikiwa katikati ya nyasi ndefu, mbali na nyumba yo yote, ni cha ukoo wenye ardhi ile, na pengine mababu wa ukoo huo walivuna hapo hapo. Kwenda usiku kuvuna bila ruhusa ni sawa na kuingia shamba la mtu, na ugomvi wa namna hiyo huwa mbaya zaidi aliyeingia akiwa amevaa sare. Mwendee mwenye kichuguu mapema, mwamkie kwa adabu, mwombe, na mkubaliane sehemu yake. Mara nyingi atakuja mwenyewe kuwafundisha watoto wako, na huo ndio mwanzo mzuri wa ujirani kati ya kambi na kijiji. Vichuguu vilivyo karibu na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu viachwe kabisa.

Sasa twende jikoni. Kumbikumbi wabichi huwekwa katika sufuria kavu juu ya moto wa wastani na kukorogwa bila kuacha. Usitie mafuta, kwa maana wenyewe wana mafuta mengi na watajikaanga. Wakianza kutoa harufu kama ya njugu zilizokaangwa, wanyunyizie maji kidogo yenye chumvi, koroga tena mpaka wakauke, kisha waanike juani juu ya mkeka. Mbawa hupepetwa kwa ungo. Waweza kuwala hivyo hivyo, au kuwatwanga katika kinu pamoja na simsim iliyokaangwa, ukapata uji mzito wa kuchovyea enyasa, yaani ule ugali wetu wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi. Pembeni weka osubi, majani machanga ya kunde, ambayo huchipua vizuri katika msimu huo huo. Chakula hiki kina nguvu za kujenga mwili kama nyama, na kwa mama mwenye watoto watano hilo si jambo dogo. Mtu ambaye hudhuriwa na kamba wa baharini aonje kidogo kwanza, kwa kuwa kumbikumbi waweza kumdhuru vile vile.

Mwezi wa Mei unapoingia, maembe huwa mengi. Ni bahati kubwa, kwa sababu wakati huo maharage na mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza bado hayajaiva, na maghala ya nyumba nyingi yamepungua. Kwa hiyo embe ni tunda la starehe kwa mtu wa mjini, na ni chakula kamili kwa jamaa nyingi za vijijini. Inasikitisha kuona maembe yakioza chini ya miti. Yakatwe vipande vyembamba, yaanikwe juu ya waya safi uliofunikwa kitambaa cha wavu, na yahifadhiwe. Karibu na wakati huo huo matunda ya mti wa shea huanza kuanguka. Nyama yake tamu huliwa na watoto, na kokwa zake hutoa mafuta ya kupikia na ya kupaka. Aina yetu ya shea huota katika nchi chache tu za upande huu wa Afrika, zikiwamo Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na mafuta yake ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Anayekata mti huo kwa ajili ya makaa anawanyima watoto wake mafuta ya miaka mingi.

Mwenye nauli aipeleke jamaa yake Koboko. Kutoka Arua ni kilomita 55 hivi kuelekea kaskazini, kwa barabara ya lami inayopita Maracha na kuendelea hadi mpakani Oraba. Safari yenyewe ni darasa. Simulizi za Walugbara zasema kwamba mashujaa wao wawili wa kale walimalizia maisha yao milimani: Dribidu, aliyekuwa na nywele mwili mzima, katika Mlima Wati, na Jaki katika Mlima Liru ulio upande wa Koboko. Mtoto aliyesimuliwa hayo njiani hataona tena mlima kama jiwe kubwa tu. Karibu na Koboko pana mahali paitwapo Salia Musala, ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Neno musala katika Kikakwa maana yake ni tatu, na Wakakwa wenyewe wamo katika nchi zote tatu. Chukueni vitambulisho, na muulizeni mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutembea karibu na mpaka. Na kama babu au nyanya yupo, mwacheni aeleze jinsi jamaa nyingi za mkoa huu zilivyokimbilia Zaire na Sudan katika miaka ya 1979 na 1980, na nani aliwapokea.

Hapa hatuna budi kusema jambo zito. Mvua inayoleta neema hii huja na radi. Mwezi wa Agosti 2020, hapa Arua, watoto kumi waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda kujisitiri na mvua, radi ikawapiga humo, wakafa wote kumi. Wazazi wengi bado huamini kwamba mtoto akishakuwa chini ya paa lo lote yu salama. Kibanda cha nyasi hakizuii radi, na mwembe mrefu ulio peke yake uwanjani ndio mahali pabaya kupita pote. Mkisikia ngurumo, hata kama juu yenu bado ni kweupe, mchezo usimamishwe papo hapo. Ingieni katika nyumba kubwa ya kudumu au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, milango ikiwa imefungwa. Msirudi uwanjani mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Askari amezoea kuamuru na kutiiwa, basi na atumie desturi hiyo hapa. Vile vile mito kama Enyau na Kaya hujaa ghafula, na mtoto asivuke penye maji yaliyobadilika rangi.

Siku ambazo mvua haikomi zina raha zake. Akina mama wa Kinubi husuka mikeka na vikapu vya rangi, na binti wa miaka kumi anaweza kuanza na mkeka mdogo. Baba mwenye kisu kikali na uvumilivu aweza kumtengenezea mwanawe adungu, kinubi cha Waalur, kwa mti na ngozi. Sauti za kwanza zitawaudhi majirani, lakini watavumilia. Sikukuu nazo hazikosi: Pasaka huangukia msimu huu, na Idd-el-Fitr ilikuwa katika Aprili mwaka 2023 na 2024, ingawa kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi. Nyumba za Wanubi siku hiyo huandaa kisra na gurusa, na jirani Mkristo hualikwa kama mwenyeji.

Kwa nyumba ambazo baba yuko mbali, pengine Somalia ambako askari wetu wamekuwa wakitumikia tangu 2007, mama na aende na watoto vile vile. Kumbikumbi watakaobaki waanikwe siku mbili zaidi mpaka wavunjike kwa vidole, watiwe katika kopo kavu lenye mfuniko wa kubana, na watoto wabandike karatasi yenye jina la baba. Kopo kama hilo hukaa kwa majuma kadhaa bila kuharibika, likisubiri arudi, au apatikane mtu wa kulichukua.