Je, Wajua? Kitufe Kisichoonekana cha Barua Pepe

Je, wajua kwamba mpangilio wa kusoma barua pepe bila intaneti ukikosekana, si lazima programu iwe imeharibika? Mara nyingi chanzo ni aina ya akaunti.

Katika programu ya barua pepe ya Thunderbird, akaunti ya IMAP ina sehemu ya kuchagua barua zihifadhiwe kwenye kompyuta. Ya POP haina, na kulitafuta chaguo hilo ni kujichosha bure: kwa kawaida barua za POP hupakuliwa zote tangu mwanzo, kwa hiyo husomeka hata mtandao ukikatika. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva. Ndiyo maana inahitaji kuambiwa itunze nakala.

Gmail ina masharti yake. Kwenye kompyuta, Google huelekeza itumike Chrome, tena si katika dirisha la faragha. Mtumiaji huchagua zihifadhiwe barua za siku 7, 30 au 90.

Na akaunti ya ofisi? Huenda msimamizi wa mfumo amelifunga chaguo lenyewe. Hapo hata kusakinisha programu upya hakusaidii, aulizwe yeye.