Filamu za rangi: Soma boksi kabla ya kulipa na kupakia

Biashara ya filamu za kamera haijafa kama wengi walivyodhani. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, wachambuzi wengi waliona huo ndio mwisho wa mikanda ya picha. Hata hivyo, mwaka 2018 filamu ya slaidi ya Ektachrome ilirudi sokoni baada ya kuachwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japan ilitoa kamera mpya kabisa inayotumia filamu, Pentax 17.

Kwa mfanyabiashara anayevusha mizigo kati ya nchi jirani, habari hii ina pande mbili. Upande mmoja, filamu ni mzigo mdogo wenye thamani kubwa: katoni moja inakaa chini ya kiti cha gari. Upande wa pili, ni bidhaa inayozeeka kama maziwa, na uharibifu wake hauonekani kwa macho. Mteja anaugundua baada ya harusi kwisha na wageni kutawanyika. Hapo hata ukimrudishia fedha yake, picha haziwezi kurudiwa.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kwenye boksi kabla ya kununua, na namna ya kuisafirisha filamu ya rangi hadi kwa mteja ikiwa nzima.

Kwanza: Itasafishwa wapi?

Wanunuzi wengi huanza na bei, kisha jina la kampuni. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: je, huko filamu hii inakouzwa kuna studio inayoweza kuisafisha? Jibu lipo kwenye boksi, karibu na jina la filamu.

Filamu nyingi za rangi zimeandikwa C-41. Hizi ni za negativu, na ndizo studio nyingi za rangi zinazisafisha. Dawa yake ya kwanza hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 38 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15, na kipimo hicho ni kimoja kwa filamu zote za kundi hili, ziwe za Kodak au za Fujifilm.

Filamu zilizoandikwa E-6 ni za slaidi. Mfano ni Ektachrome E100 ya Kodak, pamoja na Velvia na Provia za Fujifilm. Rangi zake ni safi sana, lakini zinahitaji dawa tofauti. Zikiingizwa kwenye mashine ya C-41 hutoa negativu zenye rangi za ajabu, na kosa hilo halirekebishiki.

Kundi la tatu ni filamu za sinema zilizokatwa na kufungwa kwenye makopo ya kamera za kawaida. Boksi lake huandikwa ECN-2. Kwa miaka mingi filamu za namna hii za Kodak zimekuwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni. Zikipita kwenye mashine ya kawaida, tabaka hilo hubanduka na kuchafua dawa pamoja na filamu za wateja wengine. Ndiyo maana studio nyingi huzikataa. Ukiona filamu za bei ya chini zenye lebo ya kubandika na zisizo na maandishi ya C-41, uliza kwanza zilitoka wapi.

Mfano wa Kodachrome unatosha kuwa onyo. Filamu hiyo iliyoanza mwaka 1935 ilikuwa maarufu duniani kote. Kodak ilitangaza kuacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Kansas nchini Marekani, ilifunga huduma hiyo mwishoni mwa mwaka 2010. Makopo yake bado yanapatikana kwa wauzaji wa vitu vya zamani, lakini hakuna tena studio ya biashara inayotoa rangi zake. Anayenunua katoni ya Kodachrome leo ananunua makopo tu.

Pili: Namba ya kasi

Namba ya ISO, yaani 100, 200, 400 au 800, inaonyesha filamu inavyohisi mwanga. Namba ikiongezeka mara mbili, mwanga unaohitajika hupungua kwa nusu. Filamu ya 400 inahitaji nusu ya mwanga wa filamu ya 200.

Kwa jua kali la mchana, 100 au 200 inatosha. Hapa ndipo zinapoingia Kodak Gold 200, ColorPlus 200 na Ektar 100. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba penye jua la wazi, lenzi ikiwekwa kwenye 16, kasi ya shata iwe karibu na namba ya filamu: 1/125 kwa filamu ya 100, 1/250 kwa ya 200 na 1/500 kwa ya 400. Kamera nyingi za zamani hazizidi 1/500. Hivyo anayetaka filamu ya 800 kwa matumizi ya mchana huenda anahitaji ushauri kabla hajalipa.

Kwa ukumbini, jioni na siku za mawingu, 400 ndiyo chaguo la kati. Kodak UltraMax 400 na Portra 400 zote zipo katika kundi hili, ila Portra ni ya bei ya juu na ilitengenezwa kwa ajili ya picha za watu. Filamu yenye namba kubwa zaidi husaidia gizani, lakini picha yake huwa na chengachenga nyingi, hasa ikikuzwa.

Jambo jingine la kumweleza mteja ni kiasi cha makosa ambacho filamu inaweza kuvumilia. Negativu ikipata mwanga uliozidi mara mbili au hata mara nne, bado hutoa picha nzuri. Slaidi haina msamaha huo. Kosa dogo la mwanga linaiharibu picha. Kwa mpiga picha wa harusi, mwenye gauni jeupe na suti nyeusi ndani ya picha moja, negativu ndiyo salama.

Tatu: Mwanga wa aina gani?

Filamu nyingi za rangi zimepangwa kwa mwanga wa mchana, unaokadiriwa kuwa na kipimo cha 5500 kwenye mizani ya Kelvin. Flashi nayo inahesabiwa kama mwanga wa mchana. Filamu hiyo ikitumika chini ya balbu za njano za waya bila flashi, picha huwa na rangi ya machungwa. Chini ya taa ndefu za tyubu, nyuso huelekea ukijani.

Zipo filamu zenye herufi T mwishoni, kama CineStill 800T, zilizopangwa kwa mwanga wa balbu wa kipimo cha 3200. Zikitumika juani bila kichujio, picha nzima huwa ya bluu. Kwa mteja wa kawaida herufi hiyo moja inatosha kuleta ugomvi dukani.

Nne: Tarehe, na hesabu yake

Filamu ya rangi ina tabaka tatu kuu zinazohisi mwanga: moja ya bluu, moja ya kijani na moja ya nyekundu. Kadiri muda unavyopita, na hasa joto linapozidi, tabaka hizo huzeeka kwa mwendo tofauti. Moja ikitangulia kuchoka, rangi za picha huhama upande mmoja. Filamu ya nyeusi na nyeupe huvumilia zaidi kwa sababu haina rangi za kusawazisha.

Baadhi ya wauzaji hutoa punguzo kubwa kwa filamu zinazokaribia mwisho wa matumizi. Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Filamu 100 mpya kwa shilingi 10,000 kila moja zinagharimu 1,000,000. Ukiziuza kwa 14,000 unapata 1,400,000, faida ni 400,000. Filamu 100 za punguzo kwa 7,000 zinagharimu 700,000, na zikiuzwa zote kwa bei ile ile faida inaonekana kuwa 700,000. Lakini wateja 22 wakirudi na kudai fedha zao, unalipa 308,000 na faida inabaki 392,000. Tayari uko chini ya aliyenunua mpya, na wateja 22 wanakutangaza vibaya mjini.

Haina maana kwamba filamu iliyopitwa na muda haiuziki. Wapo wanaozitafuta. Waambie ukweli, andika tarehe wazi, na uuze kwa bei yake. Kanuni inayotumika ni kuongeza mwanga mara mbili kwa kila miaka 10 tangu muda kuisha, ingawa hiyo hairudishi rangi zilizokwishahama.

Njiani na mpakani

Watengenezaji hushauri filamu ambayo haijatumika ihifadhiwe kwenye joto la nyuzi 21 au chini ya hapo, ndani ya kifungashio chake. Kabini ya lori lililosimama juani ikisubiri foleni ya mpakani hupita kiwango hicho kwa mbali. Dashibodi ni mahali pabaya kuliko pote, na turubai juu ya mzigo halizuii joto. Boksi la kupozea linalotumika kwa samaki au soda, likiwa safi na kavu, linafaa. Barafu isigusane na katoni. Filamu ikitoka kwenye friji, iachwe saa mbili au zaidi kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu utatanda juu yake. Kwa miji ya pwani, ambako joto na unyevu huja pamoja, jambo hili ni la kila siku.

Hatari ya pili ni eksirei. Kwa abiria wa ndege, filamu isiwekwe kwenye begi linalopita chini, kwani mashine za huko zina nguvu zaidi. Mashine mpya za CT za mizigo ya mkononi nazo huharibu filamu, hivyo omba ikaguliwe kwa mkono. Filamu za kasi ya 800 na kuendelea huathirika mapema zaidi. Baadhi ya bandari na mipaka ina mashine kubwa za kukagulia makontena na malori. Mweleze wakala wako wa forodha mapema kwamba ndani ya mzigo kuna filamu, aombe ukaguzi wa kawaida kabla gari halijafika kwenye mashine.

Kuhusu nyaraka, filamu za mikanda ambazo hazijatumika zinaingia kwenye kifungu cha 37.02 cha orodha ya kimataifa ya forodha. Zilizopigwa picha lakini hazijasafishwa ni 37.04. Anayekusanya filamu za wateja na kuzipeleka kwenye studio ya nchi jirani asizichanganye na mzigo wa kuuza. Aidha, cheti rahisi cha uasili kinachotolewa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 hakihusu filamu zilizotengenezwa Marekani au Japan, kwa kuwa kinahudumia bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Weka ankara na risiti za ushuru uliolipwa mwanzoni.

Kwa ufupi, kabla ya kulipa fuata mpangilio huu: itasafishwa wapi, kasi gani, mwanga gani, tarehe gani. Bei iwe ya tano. Kisha panga safari kabla ya kupakia, ikiwemo sehemu ya kivuli ambako lori litasubiri foleni.