Tangazo Linalojongea: Namna ya Kuandaa Uhuishaji Mfupi Utakaofika Hadi Kigango cha Mbali

Katika parokia zetu nyingi, ratiba ya Juma Kuu haisomwi tena kanisani peke yake. Siku hiyo hiyo huzunguka katika simu za waamini, ikipita katika makundi ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ya WAWATA, ya UWAKA na ya vijana. Mara nyingi huja kama picha moja iliyojazwa maneno madogo yasiyosomeka. Pengine huja kama video nzito ambayo wengi huiacha bila kuifungua. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, nayo ni uhuishaji mfupi: picha chache zinazopokezana zenyewe, kila moja ikibeba jambo moja tu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuuandaa uhuishaji huo kwa programu ya kuhariri picha, na hasa jinsi ya kuutoa katika programu hiyo ili uweze kusafiri mtandaoni.

Tuchukue mfano wa Gairo, wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Mji wenyewe umekaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Lakini wakazi wa wilaya hiyo wako pia Chakwale, Iyogwe, Rubeho, na Nongwe iliyo katika milima ya Ukaguru. Katika nchi ya milima na mabonde mawimbi ya simu hukatishwa kwa urahisi, na mkulima aliyenunua bando dogo la siku moja hulitumia kwa hesabu. Kwa sababu hiyo, kijana anayetengeneza tangazo la parokia hana budi kujiuliza zaidi ya uzuri wa picha yake. Anapobonyeza amri ya kutoa faili, anaamua pia ni nani atakayelipata tangazo na ni nani atakayelikosa.

Umbo la GIF na mipaka yake

Umbo la faili linalotumiwa zaidi kwa uhuishaji mfupi ni GIF. Lilibuniwa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, wakati mawasiliano ya kompyuta yalipopitia nyaya za simu kwa mwendo wa kobe. Toleo la mwaka 1989 liliongeza uwezo wa kupanga muda wa kila picha, yaani kila fremu. Kwa kuwa lilizaliwa katika uhaba, umbo hili lina mipaka mitatu inayofaa kukumbukwa: kila fremu huwa na rangi zisizozidi 256, haina sauti, na kila nukta ama inaonekana kabisa ama haionekani kabisa.

Mipaka hiyo ndiyo inayotuelekeza cha kutengeneza. GIF hubana vizuri sana maeneo mapana yenye rangi moja, maandishi makubwa na michoro sahili. Picha za kamera, zenye vivuli na rangi nyingi za ngozi, nguo na majani, huifanya faili ivimbe na sura zionekane zina madoa. Basi ratiba ya Juma Kuu yenye maandishi meupe juu ya zambarau iliyokolea inafaa kabisa kuwa GIF. Maandamano ya Jumapili ya Matawi yaliyopigwa kwa kamera ni afadhali yabaki video.

Kazi ndani ya programu

Programu nyingi za kuhariri picha zinaweza kufanya kazi hii. Hapa tutaizungumzia GIMP, kwa kuwa hupatikana bure na hutumika hata kwenye kompyuta za kawaida za ofisi. Ilianza kuandikwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea.

Katika GIMP kila fremu ni tabaka moja. Matabaka hupangwa kama karatasi zilizolaliana, na uhuishaji huanza na tabaka la chini kabisa, kisha hupanda. Tuseme ratiba yetu ina fremu tano: ya kwanza inataja parokia, mwaka na jambo lenyewe, nne zinazofuata zinataja Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Mkesha wa Pasaka na Jumapili ya Pasaka, kila moja na saa yake na mahali pake. Fremu ya kwanza ipewe uzito wa pekee, kwa sababu baadhi ya programu za barua pepe huonyesha hiyo peke yake. Asiyeona nyingine ajue walau tangazo ni la nani, la mwaka gani, na aulize wapi.

Kabla ya kutoa chochote, hifadhi kazi katika umbo la XCF, ambalo ni la GIMP yenyewe. Kuhifadhi na kutoa ni vitendo viwili tofauti. Faili ya XCF ni kama mahindi ya ghalani yaliyotengwa kwa ajili ya mbegu, na GIF ni kama unga uliokwisha kusagwa. Unga unaliwa, lakini haupandiki. Ukibaki na GIF peke yake, maandishi yamekwisha kuwa picha na sehemu ya rangi imepotea, hivyo kubadili saa za Ibada mwakani kutakuwa kazi ngumu. Ukiwa na XCF, ni kazi ya dakika chache.

Kisha punguza vipimo. Picha ya pikseli 1080 kwa 1080 ina pikseli 1,166,400. Ya pikseli 540 kwa 540 ina 291,600, ambayo ni robo yake kamili. Kwenye kioo cha simu ndogo, maandishi makubwa yatasomeka vizuri katika zote mbili. Punguza na rangi pia: geuza picha iwe ya rangi zilizoorodheshwa na uchague rangi 32 au 64 badala ya 256. Mwishowe tumia kichujio cha uhuishaji kinachoboresha GIF, ambacho hutengeneza nakala inayobeba yale tu yanayobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Kama mandhari ni ile ile na linalobadilika ni jina la siku na saa, hakuna haja ya kuibeba mandhari mara tano.

Sasa fungua orodha ya faili, chagua amri ya "Export As", na uandike jina linaloishia na .gif. Katika dirisha litakalofunguka, weka alama kwenye "As animation"; usipofanya hivyo utapata picha moja iliyotulia. Weka alama pia mahali pa kurudia bila kikomo, ili atakayefungua katikati aweze kuona mwanzo.

Muda wa kusoma na usalama wa macho

Jambo linaloharibu matangazo mengi ni muda. Usipotaja chochote, GIMP huipa kila fremu milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Muda huo unafaa kwa ndege anayepiga mabawa, haufai kwa mtu anayesoma. Andika muda mwishoni mwa jina la kila tabaka, ndani ya mabano, kwa mfano (4000ms), maana yake sekunde nne. Kipimo kizuri ni kusoma maneno ya fremu kwa sauti, taratibu, kama asomavyo msomaji wa Somo la Kwanza; muda utakaotumia ndio uwe muda wa fremu hiyo. Ikiwa zinahitajika sekunde kumi, maneno ni mengi, yapunguzwe.

Mwendo wa haraka una hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kutosomeka. Picha zinazowaka na kuzima upesi zinaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inayotolewa na W3C inataka pasiwe na kitu kinachowaka na kuzima zaidi ya mara tatu katika sekunde moja. Kwa mkoa wa Morogoro jambo hili si la kinadharia, kwani Mahenge, kusini mwa mkoa, inajulikana kwa miongo mingi katika tafiti za tiba kwa wingi wa wagonjwa wa kifafa, na ndiko daktari Louise Jilek-Aall alikoanzisha kliniki ya kuwahudumia. Nyota zinazometameta na maandishi yanayopiga kama umeme havina nafasi katika tangazo la parokia.

Gharama na heshima ya anayepokea

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa maamuzi haya. Tuseme kundi la parokia lina watu 200. Faili ya megabaiti 5 ikipakuliwa na wote itakula megabaiti 1,000 za bando zao kwa jumla. Faili ya kilobaiti 250 yenye ujumbe ule ule itakula megabaiti 50. Tofauti hiyo inalipwa na waamini, na huwalemea zaidi wenye kidogo.

Pale ambapo picha za kamera ni za lazima, yapo maumbo mengine. Video fupi ya MP4 isiyo na sauti hubana mwendo wa kamera vizuri kuliko GIF. WhatsApp yenyewe huichezesha GIF kama video fupi. Kwa tovuti, umbo la WebP, lililotolewa na Google mwaka 2010, hubeba uhuishaji wenye rangi kamili kwa uzito mdogo, na GIMP inaweza kulitoa. Lakini picha za watu zina wajibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu hapa Tanzania. Mtoto wa Utoto Mtakatifu asiwekwe katika uhuishaji utakaozunguka nchi nzima kabla mzazi au mlezi hajaridhia.

Tukumbuke pia kwamba faili ikishatumwa hairudi. Itasambazwa, itahifadhiwa, na huenda ikatumwa tena Kwaresima ijayo na mtu mwenye nia njema. Mwaka uandikwe ndani ya picha na katika jina la faili, kwa namna isiyokosewa. Chini ya uhuishaji yafuate maandishi ya kawaida yenye siku, saa na mahali, kwa ajili ya wasioona vizuri na wale ambao simu zao hazifungui picha.

Mwisho, mtengenezaji ajitumie faili yeye mwenyewe, kisha amtumie mwenzake mmoja mwenye simu ndogo aliye mbali na mji, na kumwuliza: Mkesha wa Pasaka unaanza saa ngapi? Akijibu sawasawa bila kuuliza tena, tangazo liko tayari kutumwa kwa wote. Akisita, faili ya XCF ipo, irudiwe na kurekebishwa kabla Juma Kuu halijafika.